Mto tunao, fedha za Serikali tutazipataje?

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha umeme katika kitongoji kimoja mkoani Njombe. Kijiji chetu kilishawashwa, lakini nguzo za TANESCO ziliishia barabarani. Sisi tuko bondeni, kilomita 9 kutoka hapo. Tuna nyumba 140 na mto usiokauka. Fundi wetu alipima mwezi wa nne, akapata lita 200 kwa sekunde na mwanguko wa mita 25. Diwani anasema Serikali inatoa fedha kwa miradi ya mfano ya nishati midogo. Tuombe vipi na kiasi gani? Na TANESCO wakifika baadaye, jasho letu litakwenda wapi? Wazee wanasita, maana wanaukumbuka umeme wa jua wa zahanati ya jirani uliozimika wafadhili walipoondoka.

JIBU: Mwenyekiti, pokea salamu zangu, na uwafikishie wazee shikamoo. Naanza na hofu yao kwa sababu ndiyo kiini cha jambo zima.

Niliwahi kupelekwa kukagua zahanati ya namna hiyo, mkoa mwingine kabisa. Juu ya bati paneli nane zilikuwa zinameta, nzima. Chumba cha betri kilikuwa kimefungwa kwa kufuli iliyoota kutu, na ufunguo ulikuwa kwa mtu aliyekwishahamia mjini. Tulipofungua, harufu ya asidi ilitupokea mlangoni. Betri nne kati ya kumi na mbili zilikuwa zimevimba ubavuni, na nilipozifunua vifuniko nikakuta bamba za ndani zimebaki kavu. Maji ya betri yaliisha, na bajeti haikuwa na hata shilingi ya kununulia mengine. Muuguzi aliniambia kwamba usiku uliotangulia alimzalisha mama kwa tochi ya simu aliyoibana kwa meno. Ofisini nilikuta jalada la mradi huo, na ukurasa wa mwisho ulikuwa na mhuri: umekamilika.

Kile kifaa hakikuwa na kosa. Fedha ziliingia siku ya kwanza zikaisha siku ya kwanza, na betri ya aina ile hudai fedha tena baada ya miaka michache. Hakuna aliyeulizwa mwanzoni atalipa nani mwaka wa tano. Kwa hiyo wazee wakikuuliza swali hilo, usilione kama ukaidi. Liandike, maana andiko lote mtakaloliandika litapaswa kulijibu.

Sasa kuhusu fedha zenyewe. Diwani wenu hakukosea, ila amechanganya vitu viwili vinavyofanana. Kuna fedha za kusambaza umeme na kuna fedha za mradi wa mfano. Za kusambaza hulipia kitu kinachojulikana, yaani nguzo, nyaya, mita na nyumba kuwaka. Za mradi wa mfano hulipia jibu la swali ambalo nchi bado haina jibu lake. Anayekupa fedha za mfano ananunua somo, na umeme wa kitongoji chako ndio daftari lake. Ukimwandikia kwamba mna giza na mna mto, atakusikitikia, kisha atakuelekeza kwenye dirisha jingine.

Nikupe mfano wa fedha za namna hii zilizofanya kazi yake. Mjini Sendai, Japani, taasisi ya serikali iitwayo NEDO ililipia mradi wa majaribio katika eneo la Chuo Kikuu cha Tohoku Fukushi, kati ya mwaka 2004 na 2008. Waliunganisha injini mbili za gesi za kilowati 350 kila moja, paneli za jua za kilowati 50, seli ya mafuta ("fuel cell") na betri. Swali lao lilikuwa moja: je, gridi ndogo inaweza kuwapa wateja tofauti umeme wa viwango tofauti vya uhakika, hospitali wa kwake na ofisi wa kwake? Muda wa majaribio ulipokwisha hawakuung'oa mtambo. Kampuni ya NTT Facilities iliendelea kuuendesha. Machi 11, 2011 tetemeko kubwa likapiga na gridi ya jiji ikazima. Paneli na betri zikashika mzigo muhimu zaidi, siku iliyofuata mafundi wakaziwasha injini za gesi, na hospitali iliyomo katika mtandao ule ikapata umeme wakati mtaa mzima uko gizani. Bomba la gesi lililowafikia lilikuwa salama, hiyo ilikuwa bahati. Lakini kuwepo kwa mafundi wanaoujua mtambo, miaka mitatu baada ya fedha za majaribio kuisha, hakukuwa bahati. Mtu alikuwa analipwa kuutunza.

Turudi Njombe. Je, mto kuendesha mtambo wa umeme kijijini ni swali lisilo na jibu? Hapana. Mkoa wenu ndio uliolijibu mapema kuliko mikoa mingi. Matembwe, palepale Njombe, wamekuwa na umeme wa maji tangu miaka ya 1980. Ludewa wapo Mawengi na mtambo wao wa kilowati 300, unaoendeshwa na chombo cha watumiaji kiitwacho LUMAMA, jina lililotokana na Lupande, Madunda na Mawengi. Mufindi kuna Mwenga, megawati 4, uliowashwa 2012, unaouza umeme kwa viwanda vya chai, kwa vijiji na kwa TANESCO. Ruvuma masista Wabenediktini wa Chipole walijenga Tulila, megawati 5. Ukienda Dodoma na andiko linalosema mnataka kuonyesha kwamba maji yanaweza kutoa umeme, afisa atakayelisoma atakuwa na haki ya kuliweka kando.

Lakini ninyi mnalo swali jingine, na nadhani hamjaona thamani yake. Karibu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimeshafikiwa na umeme wa gridi. Kinachobaki sasa ni vitongoji, na vitongoji ni zaidi ya 64,000. Vingi viko kama chenu: kijiji kimehesabiwa kina umeme, kumbe bondeni na mlimani watu wanawasha vibatari. Je, kitongoji kilicho ndani ya kijiji chenye gridi kinaweza kujiendesha kwa mto wake, kwa bei ambayo haitofautiani sana na ya jirani yake wa barabarani, kisha siku nguzo zikifika kiungane na gridi bila kubomoa kitu? Hilo bado halijajibiwa kwa vipimo vya kutosha. Hilo ndilo la kuliandika kwenye mstari wa kwanza wa andiko lenu. Na mkubali kwa moyo mmoja kutoa takwimu: mita itakayorekodi kila saa, daftari la kila siku mtambo uliposimama na kwa nini, hesabu za mapato zilizo wazi kwa yeyote. Vikundi vingi huona hayo kama usumbufu wa mfadhili. Kwa mradi wa mfano ndiyo mazao mnayouza.

Sasa hesabu. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo miradi inapofia.

Anza na mto. Lita 200 kwa sekunde zikishuka mita 25, ukizidisha kwa 9.81 unapata kilowati 49 za nguvu ya maji. Mtambo mdogo pamoja na bomba na jenereta hula sehemu yake; chukua asilimia 65 inayobaki, unapata kilowati 32 hivi. Lakini fundi wenu alipima mwezi wa nne, Mwenyekiti, masika yakiwa yamekolea. Nenda ukaupime mto huo Oktoba na mwanzoni mwa Novemba kabla mvua hazijaanza. Usishangae ukikuta nusu yake, na nusu yake ni kilowati 16. Hiyo ndiyo namba ya kujengea. Tena sheria haitawaruhusu kuyachota yote na kuuacha mto mkavu kati ya banio (pale maji yanapochepushwa) na mtambo, kwa sababu Bodi ya Bonde, inayosimamia maji ya mito, itataka maji ya kubaki mtoni.

Halafu nyumba. Katika gridi nyingi ndogo za Afrika, nyumba ya kawaida ya kijijini hutumia uniti 6 hivi kwa mwezi: taa, simu, redio, labda televisheni. Nyumba 140 kwa uniti 6 ni uniti 840. Mteja mdogo wa TANESCO, yule asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato. Kwa bei hiyo kitongoji chenu kizima kitaingiza shilingi 84,000 kwa mwezi. Wasomee wazee namba hiyo polepole. Waendesha mtambo wawili, hata kwa posho ya 150,000 kila mmoja, ni 300,000. Hapo hujanunua grisi, hujabadili beringi, hujaweka akiba ya siku mafuriko yatakapong'oa chujio.

Kuna wanaosema suluhisho ni kupandisha bei. Lilijaribiwa. Wawekezaji binafsi wa gridi ndogo walikuwa wakitoza mara kadhaa ya bei ya TANESCO, na kwa hesabu zao walikuwa na sababu. Mwaka 2020 agizo la Serikali liliwashusha hadi shilingi 100, na wengi walisimamisha mipango ya kujenga zaidi. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na haki yake. Mama wa bondeni hana kosa lolote linalomstahilisha kulipa mara kumi ya mama wa barabarani, na mwekezaji naye hawezi kuendesha mtambo kwa 84,000. Ninyi msijenge hoja yenu juu ya bei kubwa kwa nyumba, kwa sababu bei hiyo inaweza kufutwa kwa barua moja.

Jengeni juu ya mzigo wa mchana. Mashine moja ya kusaga na kukoboa yenye mota ya kilowati 7.5, ikifanya kazi saa 5 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, inakula uniti 975. Hiyo ni zaidi ya nyumba zenu zote 140 kwa pamoja. Kwa bei ya 292 kwa uniti, ambayo TANESCO huwatoza wateja wa kawaida, mashine moja inaingiza 284,700. Mwenye mashine naye hapunjiki: saa moja ya kusaga itamgharimu kama shilingi 2,190, wakati injini ya dizeli ya ukubwa huo hula lita moja na nusu au mbili kwa saa, tena dizeli iliyobebwa kwa bodaboda kushuka bondeni. Ongeza mashine ya randa ya maseremala, maana mbao kwenu hazina shida, na msimu wa parachichi ongeza chochote mtakachoweza kukamua au kupoza. Taa za usiku ziwe ni heshima ya mradi, mashine za mchana ziwe ndizo zinazoulisha.

Tahadhari moja ya kifundi. Mota ya kilowati 7.5 inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara tano au sita ya kawaida yake. Kwenye mtambo wa kilowati 16, kila ikiwashwa taa za kitongoji zitafifia na mtambo unaweza kuzima. Wekeni kwenye bajeti kifaa cha kuiwasha taratibu, na mkubaliane kwa maandishi kwamba mashine mbili haziwashwi kwa wakati mmoja. Nimeona kikundi kikivunjika kwa ugomvi wa jambo hilohilo, wa kusaga dhidi ya wa kuranda.

Baada ya hesabu hiyo ndipo swali lako la "tuombe kiasi gani" linapata jibu. Ombeni ruzuku kwa vile ambavyo bei ya umeme haitaweza kulipa kamwe, yaani banio, mfereji, bomba, nguzo, nyaya na kuunganisha nyumba. Msiombe ruzuku ya mishahara wala ya grisi. Mkiona uendeshaji haujilipi bila ruzuku, basi mradi haujaiva, rudini kwenye mzigo wa mchana. Kipengele kimoja tu cha uendeshaji ambacho ningeking'ang'ania kwa mfadhili ni kufundisha vijana wawili au watatu, mmoja wao binti, hadi waweze kufungua mtambo na kuufunga wenyewe, na kisanduku cha vipuri vya miaka miwili kinachokaa hapohapo kitongojini.

Dirisha la kubisha ni Wakala wa Nishati Vijijini, REA, wanaosimamia Mfuko wa Nishati Vijijini. Vyote viwili vilianzishwa na Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005 na kuanza kazi 2007. Usiende kwa unyonge. Kila Mtanzania anaponunua LUKU anakatwa asilimia 3 kwa ajili ya REA, na lipo tozo kwenye mafuta pia. Mashine yenu ya dizeli imekuwa ikiuchangia mfuko huo miaka yote. Nenda kama mchangiaji mwenye hoja iliyopimwa.

Ila jueni fedha hizi huja kwa mtindo gani. Chini ya mpango wa nishati uitwao TEDAP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwishoni mwa 2007, REA walitoa ruzuku ya dola 500 kwa kila mteja aliyeunganishwa. Wazo lake lilikuwa zuri sana: hulipi ahadi, unalipa nyumba inayowaka. Tangu hapo miito mingi ya ruzuku imefuata njia hiyo ya kulipa kwa matokeo. Ubaya wake ni kwamba anayeanza bila mtaji anakwama katikati, kwa kuwa nyaya zinanunuliwa leo na ruzuku inakuja baada ya mkaguzi kuhesabu mita. Nilishauri kikundi kimoja kilichokopa SACCOS kwa matarajio ya miezi mitatu. Uhakiki ulichukua karibu mwaka, riba ikala akiba yao ya vipuri yote. Fedha zilikuja, kamili, lakini beringi ilipokufa hawakuwa na kitu. Kwa hiyo kabla ya kusaini, ulizeni mambo mawili: kuna malipo ya awali, na uhakiki unafanywa na nani ndani ya siku ngapi? Majibu yaingie kwenye mkataba. Kama hakuna malipo ya awali, tafuteni mbia mwenye mtaji, iwe parokia, kiwanda cha chai au halmashauri, badala ya kuwafunga wanachama kwa mkopo wa riba. Ruzuku ya upembuzi yakinifu ni tofauti. Hiyo mara nyingi ni sehemu tu ya gharama, nanyi mnachangia nyingine. Ianzeni hiyo kwanza. Andiko lisilo na upembuzi huenda chini ya rundo.

Hapa niwatazame kidogo jirani zetu. Kenya mwaka 2017 walianza KOSAP, mradi wa kupeleka umeme kusiko na gridi, wa dola milioni 150 za Benki ya Dunia kwa kaunti 14 zilizosahaulika, kuanzia Turkana na Mandera hadi Lamu na Kwale. Walichoamua wao ni kwamba mteja wa gridi ndogo alipe bei ileile ya Kenya Power, na mkandarasi aliyejenga mitambo alipwe pia kuiendesha na kuitunza kwa miaka kadhaa. Kasi yake ilikuwa ndogo na watu wa kule walisubiri kuliko walivyoahidiwa. Hata hivyo kile kifungu cha utunzaji, kilichowekwa ndani ya mkataba wa ujenzi wenyewe, ningependa kukiona kwetu pia. Kama kingekuwepo kwenye ile zahanati, mtu angekuwa na wajibu wa kununua maji ya betri.

Sasa TANESCO wakifika. Kanuni za EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, kuhusu miradi midogo ya umeme zinawatambua watu kama ninyi, na zinaruhusu njia zaidi ya moja gridi kubwa inapofika: mzalishaji anaweza kuiuzia TANESCO umeme, anaweza kununua kwa jumla na kuwasambazia wateja wake, au anaweza kuachia nyaya zake kwa fidia. Angalieni jambo moja ambalo wengi hulipita. Mkataba sanifu wa kuiuzia TANESCO ulitungwa kwa mitambo ya kilowati 100 hadi megawati 10. Wenu wa kilowati 16, hata 32, uko chini ya hapo. Kwa hiyo msiweke kwenye hesabu zenu mapato ya kuuza umeme kwa TANESCO. Mali yenu itakayokuwa na thamani siku ile ni njia ya umeme, na thamani hiyo itapatikana kama tu imejengwa kwa kiwango chao.

Maana yake ni nguzo zilizotiwa dawa, siyo milingoti mibichi ya mkaratusi inayooza kwa misimu mitatu. Nguzo za TANESCO zenyewe hutoka huko kwenu na Mafinga, hamna sababu ya kukosa. Volti 230 na mizunguko 50, nyaya za unene unaotakiwa, mita zinazokubalika, wayaringi iliyokaguliwa. Nyumba za chumba kimoja au viwili zinaweza kutumia UMETA, kile kifaa chenye soketi na taa kinachoondoa gharama ya wayaringi. Yote hayo yataongeza bei ya ujenzi, na fundi wa mtaani atawaambia anaweza kuifanya kwa nusu. Mkatalieni kwa upole. Njia iliyojengwa kwa nusu bei itang'olewa siku gridi itakapofika. Na kwenye mkataba wa ruzuku ulizeni waziwazi: fidia ikija, sehemu iliyojengwa kwa ruzuku itahesabiwa vipi, na sehemu iliyochimbwa kwa mikono ya wanachama itahesabiwa vipi? Andikeni siku za kazi za kila mtu tangu jembe la kwanza, jina na saini. Jasho lisiloandikwa halilipwi fidia.

Makaratasi mengine nitayapitia kwa haraka. Mtambo chini ya megawati 1 hauhitaji leseni ya EWURA, unahitaji kusajiliwa. Mnahitaji kibali cha matumizi ya maji kutoka Bodi ya Bonde, na cha mazingira mnaanzia NEMC, wasimamizi wa mazingira. Mnahitaji pia chombo chenye uhai wa kisheria, ushirika au kampuni ya wanachama, kwa sababu "kikundi" hakiwezi kumiliki nguzo wala kushtaki. Muhtasari wa mkutano wa kijiji, wenye mihuri, unaosema ardhi ya mfereji imetolewa na nani na kwa makubaliano gani, ni karatasi ndogo inayoonekana haina maana mpaka siku mrithi mmoja atakapofunga njia ya maji.

Bajeti ya kupima mto hamhitaji. Oktoba, chagueni kipande kilichonyooka cha mita 10 chenye kina kinacholingana. Pimeni upana, pimeni kina sehemu tano kutoka ukingo hadi ukingo, mtoe wastani. Tupieni kipande cha mti kikavu juu kidogo ya alama ya kwanza, mhesabu sekunde hadi alama ya pili, mrudie mara kumi. Gawanyeni mita 10 kwa wastani wa sekunde mpate mwendo, zidisheni upana kwa kina kwa mwendo huo, kisha kwa 0.75, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Rudieni kila wiki kwa wiki sita, mahali palepale, mkiandika tarehe na nani alikuwepo. Mpelekeni mwalimu wa sayansi na wanafunzi wake wakawe mashahidi. Jedwali hilo la mistari sita, pamoja na orodha ya wenye mashine walio tayari kusaini kwamba watanunua umeme wa mchana na kwa saa ngapi, ndilo litakuwa kiambatisho cha kwanza cha andiko lenu. Mkishalipata, niandikie tena, nami nitakusaidia kulipanga andiko zima ukurasa kwa ukurasa.